Dawa za fangasi tulizotumia nyumbani kwangu: iliyoponya, iliyosaidia na iliyotudanganya

Habari zenu wapendwa. Leo asubuhi nimetoa kabatini maboksi matupu ya dawa za fangasi nikayapanga mezani, yako nane, nikasema kabla sijayatupa ngoja niandike, maana miezi saba hii nyumba yangu imekuwa ya fangasi tu, mtoto kichwani, baba yao miguuni, mimi mwenyewe chini ya matiti, na hela iliyotoka hapo ningejua mwanzo ninayoyajua sa hivi ingelipa ada ya muhula. Mimi sio daktari, nauza vitenge, naishi Mbagala, nina watoto watatu. Majina ya kwenye maboksi sitataja kwasababu dawa ileile moja inatoka kwa makampuni kibao na kila moja ina jina lake, nitataja dawa yenyewe iliyomo ndani, lile jina la maandishi madogo, kwasababu kutolijua hilo jina ndo kulikotuponza.

Naanza na iliyotudanganya.

Mtoto wangu wa pili ana miaka 7, yuko darasa la pili. Alianza na kiduara juu ya sikio la kushoto, ukubwa wa sarafu, magamba meupe, na nywele za pale zimekatikia chini kabisa zimebaki vidoti vyeusi kama mtu kamwagia pilipili manga. Bibi yake alivyomuona tu akasema hayo ni mapunye mkwe wangu, mpeleke hospitali. Mimi nikaona hospitali foleni, biashara nimwachie nani, nikapiga picha na simu nikaenda duka la dawa lililo njiani kwangu. Yule kijana wa dukani (sote tunamuita dokta, huku kwetu kila anayekaa nyuma ya kaunta ya dawa ni dokta) akaangalia picha kama sekunde tatu akachukua krimu akaniambia "chukua hii mama, hii ni moto, inaua fangasi, inaua bakteria, inatoa na muwasho, tatu kwa moja." Elfu nne. Nikashukuru.

Na kiukweli siku ya pili mtoto hajikuni. Siku ya nne wekundu umekwisha, ngozi imekuwa laini, nikamwambia na jirani yangu mwenye mtoto mwenye tatizo hilohilo akanunue, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Siku ya kumi nikaacha kupaka. Haikupita wiki kikarudi, safari hii hakina tena ule mduara wenye ukingo unaojulikana, kimetawanyika, kimeshuka mpaka shingoni, na vipele vidogo vyenye usaha juu yake. Nikanunua tyubu ya pili. Ikatulia. Nikaacha, ikarudi mara mbili ya mwanzo. Nikanunua ya tatu.

Kilichokuwa kinatokea nimekuja kuelezwa baadaye na nakiandika hapa taratibu kwasababu nataka kila mama akielewe. Ndani ya ile krimu kulikuwa na dawa ya fangasi kweli, klotrimazoli, na antibayotiki inaitwa jentamaisini, alafu na ya tatu inaitwa betamethasoni, hiyo ni steroidi. Ile steroidi haiui kitu. Kazi yake ni kuutuliza mwili usipigane, na muwasho na wekundu ndo dalili kwamba mwili unapigana, sasa ukiunyamazisha mwili muwasho unaisha, mama unafurahi, kumbe fangasi amefunguliwa mlango anakula bila mtu wa kumzuia. Ndo maana inatulia ukipaka na inarudi kubwa ukiacha. Na ndo maana inapoteza sura, ule mduara unaomfanya hata bibi asiyesoma atambue mapunye kwa macho unafutika, mpaka daktari mwenyewe akimuona mtoto anaanza kujiuliza hii ni nini. Madaktari wa ngozi wameipa jina kabisa hiyo hali, tangu 1968, fangasi aliyejificha ndo maana yake. Juu ya hayo ukipaka steroidi wiki kwa wiki ngozi inakuwa nyembamba. Shingoni kwa mwanangu pale ilipokuwa inachuruzikia pamebaki pang'avu kama karatasi ya nailoni mpaka leo, paliwahi kuchubuka kwa kola ya shati la shule tu.

Nyota kwa krimu ya tatu kwa moja kwenye mapunye, kati ya tano: sifuri. Sisemi steroidi ni sumu, kuna magonjwa ya ngozi ni tiba yake, mdogo wangu ana pumu ya ngozi na anaandikiwa na daktari kwa siku maalum zinazohesabika. Nasema kuuziwa kwa picha ya simu kwa ajili ya kichwa cha mtoto, hapana.

Baada ya tyubu ya tatu kikatokea kitu kilichonitoa roho. Pale juu ya sikio pakavimba, uvimbe laini kama embe lililoiva ukiligusa, usaha unatoka kwenye vitundu vingi vingi, nywele ukizishika zinakuja zenyewe bila mtoto kulia. Jirani akasema ni jipu, likamuliwe. Nikarudi dukani, safari hii duka jingine, mwanamke mtu mzima nikajua huyu atakuwa anajua, akanipa vidonge kumi vya ketokonazoli, nusu asubuhi nusu jioni. Siku ya tatu mtoto anatapika, hataki kula, macho yamelegea. Hapo ndo nikafunga biashara nikambeba mgongoni huyo mkubwa wa darasa la pili mpaka kituoni nikapanda daladala kwenda hospitali.

Kuhusu hivo vidonge vya ketokonazoli niseme moja kwa moja. Ketokonazoli ya shampuu ni nzuri, nitaisifia chini. Ya krimu iko sawa. Ya kumeza inaweza kuliharibu ini, na mwaka 2013 Ulaya walishauri iondolewe kabisa kwenye matibabu ya fangasi na Marekani wakaibana sana mwaka huohuo, isiwe chaguo la kwanza kwa fangasi wa aina yoyote na isitumike kabisa kwa fangasi wa ngozi na kucha. Mwanangu alivyopimwa ini lilikuwa zima, Mungu mkubwa. Lakini ukiuziwa vidonge hivo kwa ajili ya mapunye au utangotango, rudisha, omba hela yako.

Sasa hospitali. Nilikutana na kijana mpole, sio daktari wa kipindi kirefu, ni afisa tabibu aliyekwenda kusomea ngozi kule hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kile kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992 ambacho kinachukua watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hakuangalia kwa sekunde tatu. Alimkalisha mwanangu kwenye mwanga wa dirisha, akamuuliza jina, akamuuliza anashabikia timu gani, akashika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza polepole kila upande, akapapasa nyuma ya masikio na shingo na kukuta tezi zimevimba. Akamuangalia na dada yake niliyekuwa naye pia, kichwa chote, akifungua nywele mstari kwa mstari, jambo ambalo mimi mama yake sikulifanya miezi yote hiyo.

Alafu akachukua wembe butu akakwangua magamba taratibu yakaanguka kwenye kikaratasi cheusi, akang'oa na vile vinywele vilivyokatika viwili vitatu na koleo dogo, akaweka kwenye kioo na tone la dawa ya maji, tukasubiri. Akaniita, "njoo mama uangalie mwenyewe." Nikaweka jicho kwenye hadubini. Unywele mmoja wa mwanangu umelala pale katikati, na ndani yake, ndani wapendwa sio juu, umejaa vitu vya duara vimebanana kama mwanzi mtu kaujaza ulezi. Akaniambia hizo ndo mbegu za fangasi, ziko ndani ya unywele na zimeshuka mpaka kwenye mzizi, wewe ulikuwa unapaka krimu juu ya ngozi, krimu haifiki huko. Mapunye ya kichwani tiba yake inapita tumboni, inapanda na damu, inaingia kwenye unywele ukiwa unaota. Hakunigombeza hata neno moja. Nililia mwenyewe.

Na ule uvimbe, akasema sio jipu, usikamuliwe na usipasuliwe, huo ni mwili wa mtoto umeshtuka na fangasi ukapigana kwa nguvu zote mara moja, tiba yake ni vidonge vilevile vya fangasi. Ila akanionya mapema kwamba pale kwenye uvimbe mizizi ya nywele inaweza kuwa imeungua.

Griseofulvini. Hii ndo dawa iliyomponya mwanangu na ndo ninayoandika habari zake kwa moyo wote. Ni dawa ya zamani, iligunduliwa 1939 kutoka kwenye ukungu, jamii ya ukungu uleule wa familia ya penisilini, ikaanza kutumika kwa watu mwishoni mwa miaka ya 50. Mtoto anapimwa uzito kwanza. Wangu alikuwa kilo 22, akaandikiwa vidonge vitatu vya miligramu 125 kwa mara moja, kila siku, wiki nane. Piga hesabu, siku 56, vidonge 168. Nilivyosikia nikamwambia dokta si nyingi hizo kwa mtoto, akaniambia dawa hii haimuui fangasi papohapo, inamzuia asizaliane na inaulinda unywele mpya unaoota, kwahiyo inabidi usubiri unywele mchafu wote upande uishe na mpya safi uchukue nafasi, na unywele haukimbizwi.

Siri yake moja ambayo hakuna duka liliwahi kuniambia: inataka mafuta. Ukimeza na chai ya rangi sehemu kubwa haiingii mwilini, inatoka ilivyoingia. Kwahiyo dozi ya mwanangu ilikuwa baada ya chakula cha jioni, wali wa nazi, au chapati, au glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta, au kama hakuna vyote hivo yai la kukaanga. Nikabandika kalenda kwenye mlango wa friji, kila akimeza anaweka alama mwenyewe na kalamu nyekundu. Siku tatu tulisahau katika zote 56, moja tulikuwa msibani Mkuranga.

Wiki ya kwanza alilalamika kichwa kinauma na tumbo kidogo, ikapita. Dokta alisema asichezee juani sana maana inaweza kuifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Wiki ya tatu hakuna tofauti ya maana, hapa ndo wengi tunaacha, mimi mwenyewe nilikuwa naangalia kile kichwa nikaona mbona yale ya tyubu yalifanya kazi siku mbili. Wiki ya tano uvimbe umekauka wote, magamba yameisha, na siku moja namuogesha nikahisi kidoleni kitu kinachoma choma kama ndevu za baba yake akiwa hajanyoa siku mbili. Nywele. Nilimuita dada yake aje ashike, akaja na bibi, kila mtu anashika kichwa cha mtoto bafuni na yeye anacheka. Wiki ya nane tukarudi, akakwanguliwa tena, hadubini safi.

Pamebaki sehemu moja haijaota, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, juu ya sikio, palepale palipokuwa na uvimbe. Dokta anasema uwezekano mkubwa haitaota. Mwanangu hajali, anasema ni alama yake. Mimi ndo nikimnyoa mkono unapita pale.

Nyota 5 kwa kazi yake. Shida yake ni kupatikana, maduka madogo mengi hawana, nilizunguka famasi nne na ya nne ilikuwa Kariakoo, nunua dozi nzima kama unaweza ili usikwame katikati. Na watu wazima wasikilize hapa: mwenye mimba haruhusiwi kuimeza, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue inavipunguzia nguvu, na mwanaume asitafute mtoto mpaka miezi 6 ipite tangu amalize. Hayo muuzaji anatakiwa akuambie kabla hajapokea hela.

Kuna mwenzake anaitwa terbinafini, hii yenyewe inamuua kabisa fangasi, kwa mapunye mengi yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu wiki nne zinaweza kutosha, kwahiyo kwa mzazi ni nafuu ya safari. Ila dokta akaniambia kuna fangasi anayetokana na paka na mbwa ambaye griseofulvini inamuweza vizuri zaidi, ndo umuhimu wa kupima badala ya kubahatisha. Kwetu griseofulvini ndo ilikuwepo na ndo iliyotumika.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Hii tulipewa wote nyumba nzima wenye vichwa, mara mbili kwa wiki, unapaka povu unaliacha dakika tano ndo unasuuza. Haiponyi mapunye, mtu asikudanganye, lakini inapunguza zile mbegu zinazodondoka kwenye mito na kofia, kwahiyo anayetibiwa hawaambukizi wenzake na wenzake hawamrudishii. Binti yangu alikutwa na mba tu sio mapunye, na ule mba uliisha na shampuu hiyohiyo. Nyota 4, imepungua moja kwasababu chupa ni ndogo na binti mwenye nywele ndefu anaimaliza haraka. Pamoja nayo nilifanya usafi ambao hauuzwi dukani, kila mtoto kichana chake na taulo lake, foronya nikachemsha, kofia ya skauti nikaiacha juani, na mashine ya kunyolea tukanunua ya kwetu. Kinyozi wetu simlaumu, anafuta mashine na kitambaa hichohicho kutwa nzima kama wanavofanya wengi.

Na shule. Mwanangu alikuwa amekalishwa dawati la peke yake nyuma, wenzie wanamuita jina ambalo sitaliandika. Dokta aliniambia mtoto akishaanza vidonge na shampuu arudi darasani kama kawaida, hakuna sababu ya kumtenga. Nikaenda na cheti nikaongea na mwalimu wake, mwalimu akanisikiliza vizuri, kesho yake akarudishwa mbele na rafiki yake. Kwa mwanangu hiyo ilikuwa dawa kubwa kuliko vidonge, alianza kula tena.

Baba yao. Yeye yuko saiti za ujenzi, anashinda na buti la chuma kuanzia saa moja asubuhi, jasho lote linabaki humo. Kati ya kidole kidogo na cha nne ngozi nyeupe imelowa kama mtu aliyefua siku nzima, inapasuka, harufu, anajikuna mpaka usiku. Mama yake akamletea mafuta ya Whitfield, yale ya kikopo kidogo, na mimi niliyabeza nikaja kugundua ni tiba ya maana kabisa, yamepewa jina la daktari wa ngozi wa Uingereza, Arthur Whitfield, tangu 1907, ndani yake kuna asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, moja inamzuia fangasi nyingine inabandua ngozi iliyokufa aliyojificha ndani yake. Kwenye nyayo ngumu na visigino yalifanya vizuri sana na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Lakini pale kati ya vidole palipopasuka yalimchoma akaruka kitandani. Kwahiyo Whitfield nyota 4 kwa ngozi ngumu, usipeleke usoni, usipeleke sehemu za siri, usipeleke penye kidonda.

Kati ya vidole ilimaliza krimu ya terbinafini ya asilimia 1, mara moja kwa siku, wiki moja tu na muwasho umekwisha, tukaendelea mpaka ya pili kwa usalama. Krimu ya klotrimazoli ingefanya kazi hiyohiyo na ni rahisi, tofauti yake inataka mara mbili au tatu kwa siku na wiki mbili mpaka nne, na mwanaume anayetoka asubuhi na kurudi usiku amechoka hiyo mara tatu haipo, tuseme ukweli. Nimejifunza na namna ya kupaka, usiishie kwenye kidonda tu, toka nje ya ukingo kama upana wa vidole viwili, maana fangasi anatembea mbele ya duara unaloliona. Na usiache siku muwasho unapoisha. Kwa ajili ya buti nimemnunulia soksi za pamba jozi sita anabadilisha mchana, na akioga anakausha kati ya vidole na kitambaa chake, kwasababu dawa yoyote ukiipaka penye unyevu, unazunguka palepale.

Kucha yake ya kidole gumba cha mguu ni habari nyingine, imekuwa nene, ya njano, inamomonyoka kama mkate mkavu. Hapo krimu ni kupoteza hela. Anameza terbinafini miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, alipimwa ini kwanza. Yuko wiki ya tisa.

Mimi mwenyewe. Joto la Dar mnalijua, nashinda kwenye kibanda cha bati, chini ya matiti pakawa pekundu, panawasha, panachubuka, na vipele vidogo pembeni. Hiyo ni kandida, fangasi wa aina ya hamira, sio yule wa mapunye, na hapa ndo nilielewa kwamba sio kila dawa ya fangasi inaua kila fangasi. Griseofulvini ya mwanangu ningeimeza mimi isingenisaidia chochote. Nistatini tunayowadondoshea watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni, hiyo ni ya kandida tu, mapunye haiyagusi. (Hiyo nistatini waligundua wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, mmoja akiwa New York na mwingine Albany wanatumiana sampuli za udongo kwa posta, nimeipenda sana habari yao.) Klotrimazoli inazipiga aina zote mbili, ndo maana ukiwa na krimu moja tu ya kuweka nyumbani mimi naweka hiyo, ile tupu isiyochanganywa. Nilipaka mara mbili kwa siku wiki tatu, naweka kitambaa cha pamba kikavu chini ya matiti nikiwa kazini, ikaisha. Elfu mbili na mia tano. Nyota 5.

Wanawake wenzangu naomba niongeze hili, flukonazoli ya kidonge kimoja cha miligramu 150 tunaimeza kama pipi kila tukihisi muwasho ukeni. Kama kweli ni kandida inafanya kazi vizuri, lakini sio kila uchafu ni fangasi, mengine ni bakteria, mengine ni ya zinaa na mume naye anatakiwa atibiwe, utameza kila mwezi na tatizo liko palepale. Na ukiwa mjamzito usiimeze kabisa bila daktari, kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni ndo vinavyotumika kipindi hicho. Na ikijirudia rudia pima sukari, shoga yangu mmoja ndo alivogundua ana kisukari.

Sasa jinsi ya kusoma boksi, hii nimeiandika na kwenye daftari la dukani kwangu na kila mteja mwenye mtoto mwenye mapunye namuonesha. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo. Kwenye krimu ya ngozi jina likiishia na "zole" mara nyingi hiyo ni ya fangasi. Lakini ukiona juu yake jina linaloishia na "sone", au limeandikwa "clobetasol", hapo kuna steroidi, mwambie muuzaji hapana, naomba ile tupu. Kama hana nenda duka jingine, tena angalia duka lenye cheti ukutani. Kule India hizi krimu za mchanganyiko zimeuzwa holela miaka mingi na madaktari wa huko wanaona ndo sababu mojawapo ya fangasi mkaidi aliyezuka, hata terbinafini mara nyingi haimuwezi, na ameshaonekana nchi nyingine nyingi. Mimi nikifikiria huyo aje atue kwenye vichwa vya watoto wa shule zetu, watoto 100 darasa moja, silali.

Vitunguu swaumu naomba tuache pia. Jirani yangu, yuleyule niliyemwambia anunue krimu, baada ya krimu kumshinda alimsugua mtoto na kitunguu swaumu kibichi akafunga na kitambaa usiku, asubuhi ngozi imetoka malengelenge kama ya maji ya moto. Nilimpeleka mwenyewe kwa yule afisa tabibu, nililipa nauli mimi. Sa hivi mtoto wake yuko wiki ya sita ya griseofulvini, kalenda yake iko kwenye mlango wao, na Jumamosi mama yake aliniita nije nishike kichwa.